Mtoto wa Nani?
Safari katika parokia ya Joniškis, nchi ya Lituania

Wasomaji wapenzi, mgeni akifika kwenu jioni na kuomba mahali pa kulala, mwamwuliza nini kwanza? Mwamwuliza jina lake. Akisha kulitaja, mwamwuliza tena: «Wewe ni mtoto wa nani?» Swali hilo la pili si la Waafrika peke yao. Sisi tulilikuta mbali sana, katika Lituania, nchi ndogo ya Ulaya iliyo pwani ya bahari ya Baltiki. Huko jibu la swali hilo limeshikamana na mtu hata likawa jina la ukoo. Leo twawaalika kusafiri nasi mpaka parokia moja ya mashambani, tuone jinsi majina ya watu wake yalivyozaliwa, na jinsi yalivyoponea chupuchupu kupotea.

KILIMA CHENYE MAJINA MAWILI

Tulitoka mji wa Šiauliai asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tukashika njia ya kaskazini inayokwenda Latvia. Nchi ni tambarare, na udongo wake mzito hustawisha ngano. Baada ya kilometa 12 hivi tuliiacha njia kubwa, tukageukia kuume, tukafika penye kilima kidogo. Udongo wa kilima hicho hauonekani, maana umefunikwa na misalaba: mikubwa kama miti, midogo kama kidole, ya mbao na ya chuma, maelfu na maelfu.

Desturi hiyo ilianza katika karne ya 19. Walituania waliasi utawala wa Kaisari wa Urusi mwaka 1831, na tena mwaka 1863. Wengi waliuawa, na jamaa zao hawakujua walizikwa wapi. Basi walisimika msalaba kilimani na kumwombea marehemu hapo. Mwaka 1961 watawala wa Kisovieti waliisawazisha misalaba yote kwa mashine. Watu wakaja usiku na misalaba mipya. Ikaondolewa tena, ikarudishwa tena. Tarehe 7 Septemba 1993 Papa Yohane Paulo II alisali mahali hapo.

Tulisoma maandishi ya misalaba mingi. Sala ni chache. Kilichoandikwa mara kwa mara ni jina la mtu, na baada yake jina la ukoo.

Hata kilima chenyewe kimeitwa kwa majina ya watu. Wengine hukiita kilima cha Jurgaičiai, wengine kilima cha Domantai, kwa kufuata vijiji vilivyo karibu. Jurgaičiai maana yake ni watoto wa Jurgis, yaani wa Georgi. Hilo ni jina la mtakatifu, lililoingia pamoja na dini ya Kristu. Domantai wametoka kwa Domantas, na hilo ni jina la kale, lililokuwako kabla ya padri wa kwanza kukanyaga nchi hiyo. Tazameni basi: kilima kimoja kinachukua chemchemi mbili za majina ya Walituania, ile ya mababu na ile ya ubatizo.

MAJINA YA MABABU NA MAJINA YA UBATIZO

Hapo kale kila Mlituania alikuwa na jina moja tu. Watu wakubwa walipenda majina yaliyounganishwa kwa maneno mawili, na kila neno lilikuwa na maana yake. Gintautas limeunganisha neno la kutetea na neno tauta, yaani watu wa taifa. Norvilas limeunganisha nia na tumaini. Mzazi aliyempa mtoto jina kama hilo alikuwa akimtakia mema, kama tufanyavyo sisi.

Lituania ilichelewa kuliko nchi zote za Ulaya kupokea dini. Mtawala wake Jogaila aliwaamuru watu wake wabatizwe mwaka 1387, na wenyeji wa Žemaitija, upande wa magharibi, walifuata tangu mwaka 1413. Padri Jan Długosz, mwandishi wa historia wa Polandi katika karne ya 15, anasimulia kwamba watu wa kawaida walipangwa makundi makundi kando ya maji. Kundi zima lilinyunyiziwa maji na kupewa jina moja: hawa wote wawe Petro, wale wote wawe Paulo, na wanawake vivyo hivyo.

Mnacheka? Lakini fikirini shida iliyofuata. Kijiji kimoja kina akina Jonas kumi, yaani akina Yohane kumi. Bwana wa shamba ataka kodi ya mmoja wao. Padri ataka kujua ni yupi anayetaka kuoa. Wataitwaje? Hapo ndipo jirani wanapoanza kusema: Jonas mwana wa Petras, Jonas yule mhunzi, Jonas mwenye mkono wa kushoto. Majina mengi ya ukoo yalianza hivyo, katika vinywa vya majirani.

KITABU CHA MWAKA 1599

Tulifika Joniškis saa tano. Mji huo uko karibu na mpaka wa Latvia, na jina lake lenyewe latokana na jina la mtu. Ulianzishwa mwaka 1536 na kuitwa kwa heshima ya Jonas, Askofu wa Vilnius wakati ule. Hata leo, mtu asemaye «nakwenda Joniškis» ni kama kusema «nakwenda kwa Yohane».

Parokia hii ina sifa moja kubwa kwa wanaochunguza majina. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza mapadri waandike ndoa na ubatizo katika vitabu. Katika Lituania vitabu vingi vya kwanza vimeteketea kwa moto na vita. Kitabu cha ubatizo cha zamani kuliko vyote vilivyosalia nchini ni cha Joniškis: chaanza mwaka 1599. Mwaka 1999 wataalamu walikichapisha, watu wote wapate kukisoma.

Kwa nini kitabu hicho ni cha thamani? Kwa sababu wakati huo wakulima wengi hawakuwa bado na jina la ukoo la kudumu. Wakuu walikuwa wamekwisha kuyashika majina yao, lakini katika vijiji baba aliweza kuitwa kwa kazi yake, na mwanawe kwa jina la baba. Mtu mmoja aliandikwa hivi leo, na kesho vingine. Pengine padri aliandika majina mawili na kuweka katikati neno la Kilatini «alias», yaani «aitwaye pia». Polepole, katika karne ya 17 na ya 18, jina likaacha kubadilika. Baba aliitwa hivyo, mtoto akaitwa hivyo, na mjukuu vilevile, hata kama hakushika tena nyundo ya mhunzi.

CHANZO CHA KWANZA: BABA

Majina mengi yalitoka kwa jina la baba. Walituania waliongeza kipande mwishoni, kama vile Waarabu wanavyotanguliza «bin». Mtoto wa Jonas ni Jonaitis. Mtoto wa Petras ni Petraitis. Hapo mwanzo kipande hicho -aitis kilikuwa cha kudogosha tu: Jonas mdogo, yule kijana wa Jonas.

Lakini kila upande wa nchi ulikuwa na kipande chake. Mtu mmoja Adomas, yaani Adamu, angaliweza kuacha wajukuu wa namna nyingi. Kusini-magharibi wangaliitwa Adomaitis. Kaskazini-mashariki wangaliitwa Adomėnas. Kusini-mashariki wangaliitwa Adomonis. Ndiyo maana Mlituania akisikia jina lako aweza kukisia mababu zako walilima wapi, kabla hujafungua kinywa kumweleza.

CHANZO CHA PILI: KAZI, MASIHARA NA UGENI

Wengine waliitwa kwa kazi yao. Kalvaitis ni mtoto wa kalvis, mhunzi. Kubilius alitengeneza mapipa makubwa ya mbao. Puodžius alifinyanga vyungu, na watoto wake ni Puodžiūnas. Kriaučiūnas ni mtoto wa mshonaji wa nguo. Mtu akiyasoma majina hayo, anaona jinsi kijiji cha zamani kilivyojitosheleza kwa mafundi wake.

Wengine waliitwa kwa umbo au tabia, na hapo majirani hawakuwa na huruma. Juodis ni mweusi wa nywele au wa uso. Kairys hutumia mkono wa kushoto. Kuprys ana kibyongo. Vilkas ni mbwa-mwitu, Vanagas ni mwewe, Žvirblis ni shomoro, Gaidys ni jogoo. Je, huyo Gaidys wa kwanza alikuwa mwenye majivuno, au aliamka mapema kuliko wote? Walioijua sababu walikufa nayo. Masihara yao tu yamebaki.

Na wageni nao walipewa majina. Naujokas ni mtu mpya kijijini. Žemaitis alitoka Žemaitija, na Latvėnas alitoka kwa Walatvia. Gudaitis ana babu aliyetoka upande wa Belarusi, na Totoraitis ana babu Mtatari. Yatufaa kuliangalia jambo hilo. Mgeni wa jana leo ni mwenyeji kamili, ana kiti chake kanisani na kaburi lake makaburini. Jina peke yake ndilo linalokumbuka kwamba siku moja alibisha hodi.

KALAMU YA KARANI

Mpaka hapa tumesikia sauti ya kijiji. Sasa tuisikilize kalamu. Karani na mkulima hawakusema lugha moja. Makarani wa serikali ya zamani waliandika Kislavoni cha mashariki, na tangu mwaka 1697 Kipolandi. Mapadri waliandika Kilatini, lakini wengi waliyasikia majina kwa sikio la Kipolandi. Nchi ilipotekwa na Urusi mwishoni mwa karne ya 18, ikafika zamu ya Kirusi.

Basi mwana wa Petras, aliyejiita Petraitis, akaandikwa Petrowicz. Walituania walipolirudisha jina hilo katika lugha yao, likawa Petravičius. Kipande kingine cha Kipolandi, -owski, kilikuwa alama ya wakuu wenye mashamba. Mkulima aliyeandikwa hivyo alionekana ametukuzwa kidogo, naye hakukataa. Kwa Walituania kipande hicho kimekuwa -auskas. Ndiyo asili ya Petrauskas, Jankauskas na wengi wengine.

Pengine karani hakuongeza kipande tu, bali alilitafsiri jina zima. Mtu aliitwa Ožys, yaani mbuzi dume. Yeye aliandika Kozłowski, kwa neno la Kipolandi la mbuzi huyohuyo. Leo hakuna jina la ukoo lililoenea katika Lituania kuliko Kazlauskas, ambalo ni Kozłowski kwa matamshi ya Kilituania. Wataalamu wanafikiri kwamba nyuma ya baadhi ya akina Kazlauskas wamefichwa akina Ožys wa zamani, ambao hawakuulizwa neno.

Hata mwenye cheo hakuokoka. Motiejus Valančius, mwana wa wakulima, alikuwa Askofu wa Žemaitija tangu 1850 mpaka kufa kwake mwaka 1875. Katika maandishi ya Kipolandi yeye ni Wołonczewski. Kati ya mwaka 1864 na 1904 serikali ya Kaisari ilikataza vitabu vya Kilituania visichapwe kwa herufi za Kilatini. Askofu huyo alisaidia vitabu vichapwe ng'ambo ya mpaka, katika Prussia, na kuingizwa kwa siri migongoni mwa watu. Wakati huo jina la mtoto aliyebatizwa katika parokia nyingi liliandikwa kwa herufi za Kirusi.

Wengine walihamia Amerika kuchimba makaa ya mawe, na huko walikutana na karani mwingine tena. Mchezaji wa mpira Johnny Unitas, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1933 na kupata sifa nchi nzima, husemwa kwamba jina lake ni Jonaitis lililoandikwa kama lilivyosikika masikioni mwa wageni. Mababu zake walivuka bahari wakiwa watoto wa Yohane. Huko hakuna aliyeweza tena kumsikia Yohane ndani ya jina hilo.

Tusiwalaumu makarani wote. Bila kalamu zao tusingalijua lolote. Lakini tukumbuke jambo hili: mtu asiyejua kusoma hawezi kumsahihisha anayemwandika.

NYUMBA MOJA, MAJINA MATATU

Mgeni akiingia nyumba ya Mlituania, aweza kudhani amekuta jamaa tatu. Baba ni Petraitis. Mama ni Petraitienė. Binti asiyeolewa ni Petraitytė. Kwa Kazlauskas ni vivyo hivyo: mkewe ni Kazlauskienė, binti yake ni Kazlauskaitė. Kipande -ienė chasema «mke wa», na -aitė au -ytė chasema «binti wa». Wote ni ukoo mmoja, lakini kila mmoja anatajwa kwa nafasi yake nyumbani. Bi Dalia Grybauskaitė, aliyekuwa Rais wa nchi tangu 2009 mpaka 2019, ni binti wa Bwana Grybauskas, na mzizi wa jina hilo wafanana na grybas, yaani uyoga.

Siku hizi wanawake wengine wanauliza: kwa nini jina la mwanamume halisemi kama ameoa, na la mwanamke linasema? Tangu mwaka 2003 yaruhusiwa kutumia mwisho mfupi usiotangaza ndoa, kama Kazlauskė. Tuliwasikia akina mama wakibishana juu ya jambo hilo baada ya Misa. Mmoja alisema jina la zamani ni pambo lake. Binti yake akasema ni mzigo. Padri alitabasamu, hakuamua shauri.

JINA KATIKA UHAMISHO

Baada ya chakula tulikaa na bibi mmoja mzee wa parokia. Mwezi wa Machi mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 6, alichukuliwa usiku pamoja na wazazi wake, wakapakiwa katika gari-moshi la mizigo mpaka Siberia. Watawala wa Kisovieti walikuwa na orodha, na orodha hiyo ilifuata jina la ukoo. Katika miaka ile watu zaidi ya 100,000 wa Lituania walihamishwa hivyo, na wengi hawakurudi.

Bibi alituambia kwamba huko shuleni waliliandika jina lake kama la baba yake, pasipo kipande kinachomwonyesha kuwa ni binti, wakaliongeza jina la baba kwa desturi ya Kirusi. «Mimi sikujali, nilikuwa mtoto,» alisema. «Lakini mama alijali. Kila jioni tulifanya ishara ya msalaba, halafu kila mmoja wetu alilitaja jina lake lote kwa Kilituania, hata kaka yangu mdogo aliyezaliwa kulekule. Asiyelitaja vizuri alirudia. Mama alisema: Wametunyang'anya ng'ombe na nyumba, jina hamna budi kurudi nalo.»

Mama huyo hakurudi. Watoto walirudi.

Wako wengine wa Joniškis ambao hakuna aliyebaki wa kuyataja majina yao. Karibu na uwanja wa soko yamesimama masinagogi mawili ya Wayahudi, moja jeupe na moja jekundu. Majengo yametengenezwa vizuri. Watu wake waliuawa mwaka 1941, wakati wa utawala wa Wajerumani wa Hitler.

MAKABURINI JIONI

Jua huzama mapema huko mwezi wa Novemba. Jioni tuliwafuata wakristu makaburini. Kila kaburi lilikuwa na mishumaa, na mwanga wake ulienea mpaka ukutani. Juu ya mawe mengi hapaandikwi jina la mtu mmoja tu, bali la jamaa nzima: «Kubilių šeima», jamaa ya akina Kubilius, «Kazlauskų šeima», jamaa ya akina Kazlauskas. Mhunzi na mbwa-mwitu, mbuzi na shomoro, Mtatari na Mlatvia, wote wanalala safu moja.

Wakristu walikuwa wamempa padri karatasi za majina ya marehemu wao. Akaanza kuyasoma. Alisoma polepole, bila kuruka hata moja, na ilichukua muda mrefu. Baridi ilikuwa kali, lakini hatukumwona mtu akiondoka. Kila mmoja alikuwa akingoja la kwake. Tulimtazama yule bibi. Jina la mama yake liliposomwa, na mwisho wake -ienė ukasikika wazi, aliinamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba.

Wasomaji wapenzi, kwetu majina hayajengwi kama ya Walituania, na si lazima yajengwe hivyo. Lakini sisi pia twajua kwamba jina laweza kuguswa na amri: wazee wetu hawajasahau mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipokataza majina ya ubatizo ya kigeni. Nanyi wanafunzi, je, mwajua maana ya majina yenu? Nani aliyaita kwanza, na kwa sababu gani? Waulizeni babu na bibi zenu wangali hai, mkaandike majibu katika daftari.

Nanyi akina baba na akina mama, mkimleta mtoto abatizwe, litajeni jina lake polepole. Karani akisha kuliandika, mwombeni awasomee. Kama amekosea herufi, asahihishe hapohapo, wino ungali mbichi.